Sola itanipunguzia tokeni za Krismasi?

Swali: Nimepanga ghorofa ya juu Umoja Innercore. Desemba jamaa wakija, tokeni zinakwisha upesi mno. Paneli ya wati 200 na betri vitanisaidia?

Jibu: Vitasaidia, mradi usivibebeshe shawa ya stima. Shawa hiyo hula wati 4,000 au zaidi, hivyo mgeni mmoja akioga dakika kumi amemaliza karibu mavuno yote ya paneli yako kwa siku, yaani kama yuniti 0.7 jua likiwa zuri. Maji ya kuoga chemsha kwa gesi. Umeme huohuo unatosha runinga ya wati 50 kwa saa nane, balbu sita za LED jioni, na taa za kumetameta za watoto. Pasi na friji viachie Kenya Power.

Kwanza zungumza na mwenye nyumba kuhusu paa. Roshani usiifikirie, Innercore jirani yuko karibu hata mnaweza kupeana chumvi dirishani, na jua halipiti hapo. Desemba jua la Nairobi huegemea kusini, kwa hiyo paneli ikae mbali na tangi la maji lililo upande huo. Kivuli kidogo tu hupunguza umeme sana.

Tena, bei ya yuniti hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Ukivuka yuniti 100 kwa ajili ya sherehe, unaweza kuilipia hata baada ya wageni kurudi ushago.