SOMO: KUCHAGUA PIKIPIKI YA KWANZA YA CHAMA



Tangu siku za Victoria Federation of Cooperative Unions, iliyoundwa mwaka 1955, katibu wa chama cha msingi katika Usukuma amefanya kazi yake juu ya baiskeli. Leo vyama vingi vya Shinyanga na Geita hutenga fedha katika makisio yao kwa ajili ya pikipiki. Jambo hilo ni jema, kwani vituo vya kununulia pamba viko mbalimbali, na mkulima anayesubiri mbegu au dawa hawezi kungoja siku tatu.

Hata hivyo, pikipiki ya chama hununuliwa kwa ushuru utokanao na jasho la mwanachama, na atakayeipanda mara nyingi ni mtu wa makamo ambaye hajapata kushika klachi maishani mwake. Bodi ikikosea katika kuchagua, hasara huwa mbili: fedha za chama hupotea, na mtumishi wa chama huumia. Somo hili linaeleza mambo ambayo hayana budi kufikiriwa kabla fedha hazijatolewa benki.

1. Ijue njia kwanza

Bodi nyingi huanza kwa kuuliza bei. Inapasa kuanza kwa kuuliza: pikipiki hii itapita wapi, na katika miezi gani?

Msukuma ameyapa majina udongo wake tangu kale, na majina hayo yatusaidie. Juu ya miteremko kuna luseni, yaani mchanga. Wakati wa kiangazi gurudumu la mbele hutangatanga humo kama ng'ombe asiye na kamba. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka hupasuka na kuwa mgumu. Mvua ikinyesha hunata kama gundi. Huko Geita, Mbogwe na Bukombe kuna barabara nyingi za moramu nyekundu, zenye vijiwe vinavyoteleza chini ya tairi. Aidha, ziko njia zinazopita karibu na maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Duara lililoachwa na kufunikwa na majani halionekani usiku, na hakuna taa ya pikipiki inayoweza kumwokoa asiyeijua njia.

Basi Katibu aorodheshe vituo vyote vya chama, umbali wa kila kimoja, na aina ya udongo uliopo njiani. Karatasi hiyo moja itaamua mengi kuliko maneno ya muuzaji.

2. Kimo cha kiti na uzito

Pikipiki zilizotengenezwa hasa kwa njia mbovu, kama Yamaha DT na Honda XL, huwa ndefu, kwa sababu chini ya injini huachwa nafasi kubwa ili isigonge mawe na visiki. Kwa mwendeshaji mzoefu urefu huo ni faida. Kwa anayeanza ni hatari, kwani kila anaposimama katika mchanga au kwenye mteremko hana budi kuweka miguu chini. Mguu usipofika, ataanguka akiwa amesimama.

Kipimo ni rahisi. Katibu akae juu ya kiti akiwa amevaa viatu vya kazi. Nyayo zote mbili zikifika chini vizuri, au walau sehemu ya mbele ya kila wayo ikikanyaga kwa nguvu, kimo kinamfaa. Akigusa kwa ncha za vidole tu, aiache.

Kuhusu uzito, pikipiki ya mwanafunzi itaanguka. Hilo lichukuliwe kuwa hakika. Kwa hiyo mtu asichague ile asiyoweza kuiinua peke yake mahali pasipo na msaidizi. Njia ya kuinua ni kuzima injini, kuipa pikipiki mgongo, kushika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono wa pili, kisha kusukuma kwa nguvu za miguu. Anayeinua kwa kiuno atajeruhi kiuno.

3. Nguvu ya injini

Baadhi ya wajumbe hudhani kwamba kadiri injini inavyokuwa kubwa ndivyo chama kinavyopata heshima. Dhana hiyo haina msingi. Kwa mtu mmoja mwenye mzigo wa kadiri, injini ya cc 100 hadi 150 inatosha kabisa njia za mikoa yetu. Injini ya cc 250 huruka mbele kabla mwanafunzi hajajua kuachia klachi polepole. Tena hula petroli nyingi zaidi na uzito wake ni mkubwa.

Jambo jingine ni aina ya injini. Yamaha AG100, iliyotumiwa sana na mabwana shamba na miradi ya vijijini, huunguza oili pamoja na petroli. Oili ikisahauliwa katika tanki lake, injini hufa mara moja. Pikipiki nyingi za siku hizi, kama Bajaj Boxer na TVS, huweka oili yake chini ndani ya injini, na hiyo hubadilishwa kwa kipindi. Kila chama kijue kimenunua aina gani, na kiandike ukutani.

4. Matope, vumbi na magurudumu

Tazameni bawa la kuzuia matope la gurudumu la mbele. Katika pikipiki za njia mbovu bawa hilo liko juu, mbali na tairi. Katika pikipiki za barabarani liko chini, karibu sana na tairi. Katika mbuga iliyolowa, udongo hujaa katika nafasi hiyo mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Chama ambacho vituo vyake viko ng'ambo ya mbuga kikinunua ya barabarani, kimuulize fundi kama bawa hilo laweza kuinuliwa.

Mnyororo uliofunikwa hudumu kuliko ulio wazi. Hii ni mojawapo ya sifa njema za AG100, pamoja na vibebeo vyake vya mbele na nyuma. Kwa upande wa magurudumu, yale ya spoki yakipinda hunyooshwa na fundi wa kijijini. Yale yaliyomiminwa kwa chuma kimoja yakipasuka hayana dawa. Tairi ziwe na meno yaliyoachana, ili zijisafishe zenyewe katika matope.

Msimu wa kununua pamba ni msimu wa vumbi. Kichujio cha hewa kikiziba au kikitolewa, vumbi huingia katika injini na kuila kama msasa. Kichaguliwe chombo ambacho kichujio chake hufikiwa kwa urahisi, nacho kisafishwe kila juma wakati wa kiangazi.

5. Vipuri na fundi

Pikipiki bora isiyo na vipuri ni mapambo ya ofisi. Huenda chombo cha njia mbovu kikashinda vyote kwa uwezo, lakini waya wake wa klachi ukikatika mwezi wa Julai na vipuri viagizwe kutoka mbali, chama kitarudi kwenye baiskeli katikati ya msimu. Vipuri vya pikipiki zinazotumiwa na bodaboda hupatikana Kahama, Katoro na katika minada mingi, na mafundi wake ni wengi. Hiyo ndiyo sababu vyama vingi hufanya vyema kuchagua pikipiki ya kawaida yenye nguvu na kuitia tairi za matope, badala ya chombo cha sifa kisicho na fundi.

6. Mpya au iliyotumika?

Anayejifunza ataiangusha pikipiki, hivyo iliyotumika si lazima iwe chaguo baya. Lakini ikaguliwe hivi:

(a) Nambari ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Zisipolingana, mazungumzo yaishe hapo hapo.
(b) Injini iguswe kwa mkono kabla ya kuwashwa. Ikiwa tayari ina moto, muuzaji ameipasha ili kuficha ugumu wa kuwaka.
(c) Moshi wa buluu usiokoma katika injini inayoweka oili chini ni dalili kwamba oili inaungua ndani.
(d) Meno ya sproketi yaliyopinda kama mundu yaonyesha kwamba mnyororo na sproketi vyote vimekwisha.
(e) Gurudumu la mbele liinuliwe na usukani ugeuzwe polepole. Ukikwama katikati, beringi zake zimeharibika.

7. Mafunzo kabla ya kazi

Mwendeshaji wa baiskeli tayari anajua kujisawazisha, na hiyo ni akiba kubwa. Lakini mikono yake ina mazoea yatakayomdanganya. Katika baiskeli zenye breki za mikono, kila mkono hushika breki. Katika pikipiki mkono wa kushoto ni klachi, na breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Mwanafunzi anaposhtuka hukamata kwa mkono wa kushoto akidhani anasimama, kumbe ameachilia chombo kiende chenyewe. Mazoea hayo hayaondoki kwa maelezo. Huondoka kwa kurudia.

Kwa hiyo mafunzo yaanze uwanjani, pasipo abiria wala mzigo: kuondoka na kusimama, mara nyingi kila siku, mpaka mikono itii. Baadaye afuate barabara ngumu, na mwisho mchanga. Katika mchanga atazame mbali, ashike petroli kwa utulivu, wala asikamate breki ya mbele kwa ghafla. Mto ukiwa unakwenda kwa kasi, asubiri. Mwenda pole hajikwai.

Leseni ya pikipiki ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na daraja lake hufuata ukubwa wa injini. Kofia ngumu, viatu vizito na bima viwekwe katika makisio pamoja na bei ya pikipiki yenyewe. Kofia si nyongeza ya kununuliwa fedha zikibaki. Aidha, malipo ya wakulima yapite benki au kwa simu. Katibu anayebeba fedha za pamba juu ya pikipiki amehatarisha roho yake na mali ya wanachama.

8. Mali ya wanachama

Ununuzi uwe umo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Kadi iandikwe jina la chama, wala si jina la katibu au mwenyekiti. Pawepo na daftari la safari lenye tarehe, mahali, kusudi la safari, kilomita na petroli iliyotiwa.

Tuchukue mfano. Katibu akisafiri kilomita 60 kwa siku, kwa siku 20, huwa kilomita 1,200 kwa mwezi. Pikipiki ikienda kilomita 35 kwa lita, zitahitajika kama lita 35. Stakabadhi zikionyesha lita 60, hiyo ni petroli ya kilomita 2,100. Ama injini ni mbovu, ama safari hazikuandikwa, ama petroli imekwenda kwingine. Daftari humlinda katibu mwaminifu kabla ya kumfichua asiye mwaminifu.

Maswali ya kujadiliana katika vikao

1. Katika njia za chama chetu, ni ipi iliyo mbaya kuliko zote, na katika mwezi gani?
2. Ni nani atakayeendesha, nyayo zake zinafika chini, na atafundishwa na nani kwa muda gani?
3. Waya wa klachi ukikatika leo, utapatikana wapi na baada ya siku ngapi?
4. Je, makisio yetu yametaja kofia, bima, leseni na matengenezo, au yametaja pikipiki peke yake?

Bodi iliyoweza kujibu maswali haya manne kwa ukamilifu iende dukani. Ile ambayo haijaweza iendelee na baiskeli mpaka itakapoweza.