Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Jaketi la Kayaki

Nimekulia Tanga, kwa wavuvi. Utotoni nilipanda ngalawa ya ami yangu na kaptura tu. Nikilowa, jua hunianika. Maji ya kule hucheza kati ya nyuzi 25 na 29. Nilipohamia Seattle, Marekani, nikaanza kupiga kafi kwenye kayaki siku za mapumziko, niliingia majini na mazoea yale yale. Puget Sound, mkono wa bahari unaopita kando ya mji huu, ni bahari nyingine kabisa: wakati wa baridi maji hushuka hadi nyuzi 8 hivi, na kiangazi kikikolea hayapandi sana kupita 13. Imenichukua miaka miwili kupata jaketi linalonifaa.

1. Koti la mvua ni la mvua

Mwezi wa tano nilitoka ufukwe wa Golden Gardens nimevaa koti zuri la mvua. Siku ile halikudondoka hata tone. Lakini mpiga kafi huinua mkono huu, akashusha ule, na kila anapoinua, maji ya kwenye bapa hutiririka kufuata mpini, yakafika kiganjani, yakateremka ndani ya mkono wa nguo. Baada ya nusu saa nilikuwa nimelowa hadi kwapani, na upepo ukaanza kuvuma kutoka kaskazini. Niliporudi pwani vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilishindwa kufungua jaketi okozi, mwenzangu akanifungulia.

2. Tazama mikono na shingo kabla ya kitambaa

Wauzaji hupenda kuanza na kitambaa: kinazuia maji kiasi gani, kinapitisha jasho vipi. Ni maswali ya haki, kwa sababu nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia maji bila kupitisha hewa hukulowesha kwa jasho lako mwenyewe. Ila maji ya kafi hayapenyi kwenye kitambaa, yanaingia mlangoni. Jaketi la rasharasha, yaani lile la wapiga kafi, likishonwa vizuri huwa na ukanda wa neoprini, ule mpira mwororo wa nguo za wapiga mbizi, kwenye vifundo vya mikono, na velkro ya kuukaza. Shingoni vivyo hivyo, na kiunoni kamba au mkanda. Mimi hupima kwa kidole: kimoja kikipita kwa shida, nalitaka, viwili vikiingia, nalirudisha.

Wainuiti wa Greenland waliyajua haya zamani. Vazi lao la kayaki, tuilik, lilishonwa kwa ngozi ya sili, likakazwa usoni, vifundoni na kwenye mdomo wa tundu analokalia mpiga kafi, hata mtu na chombo wakawa kitu kimoja. Kila ninapokaza velkro yangu huwakumbuka mafundi wale, wanawake waliokuwa wakishona huku wakijua nani atakwenda baharini na mshono wao.

3. Halikuandaliwa kwa kupinduka

Laiti ningeliambiwa hili siku ya kwanza. Jaketi la rasharasha huzuia upepo na manyunyu, basi. Ukitumbukia, maji hupanda kutoka kiunoni na kushuka kutoka shingoni.

Niliamua kulijaribu. Nikaingia hadi kifuani, jaketi okozi mwilini na mwenzangu kando yangu, kisha nikajilaza majini. Pumzi ilinitoka kwa kishindo, ikarudi kwa nguvu bila mimi kuivuta. Nikawa nahema kama aliyekimbizwa, na sikuweza kutamka hata jina la mwenzangu. Kama kichwa changu kingekuwa chini ya maji wakati ule, ningevuta maji. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, huwafundisha watu hesabu rahisi ya maji baridi: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono yenye nguvu ya kujisaidia, na kama saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Dakika ile moja nimeionja nikiwa nimesimama kwenye mchanga, na ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo huvaa kwa kutazama maji, hata jua likiwaka vipi. Chini ya jaketi huvaa suti ya neoprini isiyo na mikono, na siachani na ufuo. Wanaokwenda mbali huvaa suti isiyoingiza maji kabisa, ambayo bei yake mara nyingi hupita dola 1,000. Jaketi langu ni la dola 120, na safari zangu nazipima kwa hilo.

4. Fulana ya pamba ibaki nyumbani

Pamba ikilowa hushika maji na kukunyonya joto. Vaa sufu nyembamba au poliesta.

5. Lijaribu ukiwa umekaa

Dukani nilisimama mbele ya kioo, likanikaa vizuri. Kwenye kayaki lilinibana mabega kila nilipofikisha kafi mbele. Siku hizi huenda dukani na nguo zangu za ndani na jaketi okozi, nikakaa sakafuni, nikanyoosha mikono, nikazungusha kiwiliwili kulia na kushoto. Hakuna muuzaji aliyewahi kunikataza.

6. Rangi ya bahari si ya kuvaa baharini

Nilitamani la buluu iliyokoza. Nikamwomba mwenzangu alivae, aende mbali kidogo. Kwenye mawimbi madogo tu akanipotea. Hapa hupita feri na boti za kasi. Nikachukua la rangi ya chungwa.

7. Chumvi hula polepole

Kila nikirudi hulisuuza kwa maji baridi ya bomba, zipu kwanza, nikafunga velkro zote kabla ya kulianika kivulini. La kwanza nililiosha velkro ikiwa wazi, ikanasa mchanga na nyuzi, na kufika mwezi wa tisa ilikuwa haishiki tena. Nilikaa barazani na sindano nikitoa uchafu uzi baada ya uzi, jioni nzima, nikaokoa mkono mmoja tu.