Kuhama Chuo: Anza na Muhtasari wa Kozi, Transkripti Ifuate

Wenzangu wanaotaka kuhama chuo huniuliza swali lile lile: "GPA ngapi inatosha?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilihamia hapa nikiingia mwaka wa pili. Jibu langu ni kwamba GPA inaweza kukufungulia mlango, lakini haisemi ukishaingia utaanzia wapi. Hilo linaamuliwa na karatasi ambazo wengi wetu huzitupa.

Tuelewane kwanza. Anayetaka kuhama mara tu baada ya kudahiliwa mwaka wa kwanza anafuata ratiba ya uhamisho inayotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Dirisha likifungwa, limefungwa. Aliyekwisha kusoma mwaka mmoja au zaidi ana kazi nyingine: kuhamisha krediti alizokwisha kuzivuna. Nazungumza na huyu wa pili.

Kwa mfumo wetu, krediti moja ni saa 10 za kazi: mihadhara, semina, maabara na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Sasa chukulia umesoma "Takwimu I" ya krediti 8, na chuo unachokwenda kina "Takwimu I" ya krediti 12. Jina ni moja, lakini saa 40 zimepelea. Au krediti zinalingana, ila wewe ulifundishwa kukusanya data na kuchora grafu, wenzako kule wamezama kwenye nadharia. Transkripti haielezi haya. Transkripti inasema ulipata B. Muhtasari wa kozi unasema ulisoma nini. Mkuu wa idara anayekupokea hakujui, na hilo la pili ndilo analolitafuta.

Mimi nilikuja na kozi 12. Idara ilikubali 9 papo hapo, ikakataa 2, na 1 ikabaki na shaka. Ile ya shaka ilipita kwa sababu muhtasari wake ulionyesha mada za kila wiki na vitabu vya rejea. Rafiki yangu tuliyehama pamoja, tena GPA yake inanizidi, alikuwa na transkripti tu. Idara aliyotoka ilimzungusha kwa "njoo kesho" mpaka siku zikaisha. Akaanza mwaka wa kwanza upya. Huo ni mwaka mzima wa ada na kodi ya chumba, na nyumbani wadogo zake wanasubiri amalize ili zamu yao ifike.

Faili langu nililipanga hivi:

1. Jedwali la kozi. Upande mmoja niliandika kozi niliyosoma, msimbo wake, krediti na daraja. Upande wa pili, kozi ya huku inayofanana nayo, kutoka kwenye prospektasi. Ukurasa mmoja tu. Anayesoma faili lako ana mafaili mengine mezani, kwa hiyo mrahisishie kazi.

2. Muhtasari wa kila kozi, wenye mhuri wa idara. Desa ulilopiga kopi steshenari halihesabiki.

3. Transkripti ya muda, maana hujahitimu. Uliza mapema kama utaibeba mwenyewe au inatakiwa itoke ofisi hadi ofisi. Kama una sapu, subiri matokeo yake yaingie kwanza.

4. Barua ya maombi. Usiilalamikie ofisi ya huko utokako. "Chuo chetu hakina walimu" haimsaidii anayekupokea. "Nataka kubobea kwenye haidrolojia, na programu yenu ina kozi tatu za eneo hilo mwaka wa tatu" inamwonyesha kwamba unajua uendako.

5. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au stashahada, na cheti cha kuzaliwa. Hakikisha majina yanafanana kila mahali. Kama mahali pamoja wewe ni Mohamed na pengine Muhammad, nenda kwa wakili ukapate kiapo kabla hujaulizwa.

Na bumu? Mkopo haukufuati wenyewe kama kivuli. Kabla hujasaini kuondoka, nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na wa chuo unachokwenda, uliza utaratibu wa Bodi ya Mikopo wa kuhamisha taarifa zako. Tumia namba ile ile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea mkopo. Uliza pia mapema itakuwaje masomo yakirefuka, kwa sababu kozi zilizokataliwa zinaweza kukuongezea muhula.

Usiandike barua ya kujiondoa chuo cha zamani mpaka uwe na barua ya kukubaliwa mkononi, yenye orodha ya krediti zilizopokelewa. Ukiambiwa kwa mdomo "njoo tu, tutaona," omba iandikwe.

Hata wewe usiyefikiria kuhama, mhadhiri akigawa muhtasari wa kozi wiki ya kwanza, upige picha uuhifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe. Baba anaweza kuhamishwa kazi, afya inaweza kudai uwe karibu na hospitali fulani, programu inaweza kusitishwa. Siku hiyo ikifika, ofisi inaweza kuwa imefungwa, lakini karatasi unazo.