Kubisha hodi bila kuonekana mkora: kutafuta wateja wa kuosha viti nyumba kwa nyumba

Unaosha viti vya sebuleni, mazulia na magodoro. Labda una mashine moja, labda una brashi, ndoo na sabuni nzuri tu. Wateja wa kwanza walikuwa jamaa na marafiki, na sasa wameisha. Kilichobaki ni milango ya watu usiowajua. Katika somo la leo tunaangalia jinsi ya kubisha milango hiyo, na tutakaa zaidi kwenye pesa: ziombwe lini, zilipwe vipi, na uhakikishe nini kabla hujabeba ndoo yako kwenda.

Wengi wanaoanza hufikiri shida ni bei. Wanashusha, wanashusha tena, na bado milango inafungwa. Ukweli ni kwamba mtu anayekufungulia hujiuliza mambo mawili kabla hata hujataja bei: huyu ni nani, na ameingiaje hapa? Mwenye nyumba amesikia hadithi za watu waliojifanya mafundi, wakaangalia TV iko wapi, wakarudi usiku. Bei ya chini haimtoi hofu hiyo. Wakati mwingine inaiongeza.

Anza na geti, si mlango

Chukua mtaa kama Buruburu hapa Nairobi. Nyumba nyingi zimepangwa kwa makundi yanayotumia geti moja, yale wakazi huita court. Jirani anamjua jirani, na soja wa getini anawajua wote. Ukipenya nyuma ya gari la mkazi ukaanza kugonga, utapata labda milango mitatu kabla ya kutolewa, na hutarudi hapo tena.

Kwa hivyo simama getini. Salimia, sema jina lako na kazi yako, andika jina kwenye kitabu kama kipo, na uulize nani anatoa ruhusa. Kwenye court ni kamati ya wakazi. Kwenye ploti za gorofa, kama za Pipeline au Roysambu, ni keateka. Mwambie siku na saa unayotaka kuja, na umwachie nambari yako ya simu. Keateka ana jambo lingine la thamani kwako: anajua nani anahama mwisho wa mwezi. Nyumba inayohamwa inahitaji kusafishwa, na anayehama ana sababu ya kuiacha safi kwa sababu deposit yake bado iko kwa mwenye nyumba.

Je, umpe keateka kitu? Wengi hutoa kidogo kwa kila kazi aliyowaletea. Sisi hatuoni ubaya kama inalipwa baada ya kazi, ni kiasi kimoja kila mara, na inatumwa kwa simu ili ibaki kwenye rekodi yako kama gharama. Pesa ya kuingia getini, inayotolewa kabla ya kazi yoyote, ni jambo lingine. Ukishaanza kuilipa haishi.

Pale mlangoni

Bisha, halafu rudi nyuma hatua mbili. Mtu akifungua akukute mbali na mlango, uso unaonekana, mikono inaonekana. Maneno yawe machache:

“Hodi! Habari ya leo, mama? Samahani kwa kukusumbua. Naosha viti na mazulia, na nimeongea na keateka hapo chini. Sitaki kuingia ndani. Ukikubali, nitolee mto mmoja wa kiti niuoshe hapa nje bure, uone. Kiti kimoja ni mia nne.”

Hiyo “sitaki kuingia ndani” ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Mto mmoja nao unasaidia, ingawa una ujanja kidogo ndani yake: ukiurudisha kwenye kiti, ile mingine yote inaonekana michafu. Ndiyo maana ni vizuri kusema wazi tangu mwanzo kwamba ni wa bure, na asipotaka kuendelea, hakudai chochote. Jaribu sabuni kwanza sehemu isiyoonekana, kwa sababu kitambaa kikichuja rangi mlangoni kwa mtu, court nzima itajua kabla ya jioni.

Katikati ya wiki mchana, mara nyingi anayefungua ni dada wa nyumba. Yeye haamui, na akikupa nambari ya mwajiri wake anaweza kuingia matatani. Mwachie karatasi yenye jina, kazi na bei, kisha urudi Jumamosi kuanzia saa nne. Ukiwa mwanamke, na hata ukiwa mwanamume, nendeni wawili, na kabla ya kuingia nyumba yoyote kufanya kazi mtumie mtu ujumbe wa nambari ya mlango.

Ukipata kazi, uliza maji. Mitaa mingi ya Nairobi ina mgao, na wakazi wanajua siku yao. Kukubaliana Jumanne na kukuta mfereji umekauka ni kupoteza nauli. Sema ukweli pia kuhusu kukauka: mwezi wa Julai, baridi ikikaza, viti havikauki kwa saa tatu. Mteja aliyeambiwa “hadi kesho” hupanga wageni wake vizuri. Aliyedanganywa atakaa kwenye maji, naye hatakusahau.

“Rudi mwisho wa mwezi” si kukataa

Tuweke hesabu ya mfano. Unatoza Sh 400 kwa kiti. Seti ya viti saba ni Sh 2,800. Toa sabuni Sh 250, nauli Sh 150, msaidizi Sh 700 na keateka Sh 200. Unabaki na Sh 1,500. Sasa tuseme umebisha milango 40. Kwa 16 hakuna mwenye nyumba, 17 wanakataa, 5 wanasema urudi mwisho wa mwezi, na 2 wanakubali. Wengi huhesabu hao wawili, Sh 3,000, kisha wanahamia mtaa mwingine.

Hapo ndipo tunaona pesa ikiachwa. Kwetu Kenya, “rudi mwisho wa mwezi” mara nyingi ina maana yake halisi: mshahara haujaingia. Na kuna dirisha dogo. Wengi hulipwa siku za mwisho za mwezi, na kodi ya nyumba hudaiwa kufikia tarehe 5. Ukirudi tarehe 10, pesa imeshagawanywa. Kwa hivyo bisha katikati ya mwezi, wakati watu wana muda wa kukusikiliza, na ufanye kazi kuanzia tarehe 28 hadi 3. Wawili tu kati ya wale watano wakikubali, umepata Sh 3,000 nyingine bila kubisha mlango mpya hata mmoja.

Ili hilo liwezekane, andika. Daftari la shule linatosha: nambari ya mlango, tarehe, alichosema. Usiandike jina la mtu ambaye hakukupa jina. Na ubaki kwenye geti hilohilo hadi ulimalize, kwa sababu mteja wako wa pili hapo ni rahisi kuliko wa kwanza: unamwambia umeosha nyumba ya jirani, kama jirani amekubali utajwe, na anaweza kwenda kuuliza mwenyewe.

Pesa iombwe lini

Usiombe kitu chochote kabla ya kazi. Tunajua hii inauma, kwa sababu sabuni unanunua kwa mfuko wako. Lakini mgeni mlangoni anayesema “nitumie kidogo kwanza” anafanana kabisa na yule mkora ambaye mteja ameonywa juu yake, pengine hata na sisi. Kazi ikiwa kubwa, kama kusafisha nyumba nzima, kubalianeni nusu ilipwe nusu ya kazi ikishaonekana.

Tumia till ya biashara badala ya nambari yako binafsi. Jina la biashara likionekana kwenye ujumbe wa malipo, na likiwa ndilo lililo kwenye karatasi uliyoacha, mteja anatulia. Wewe nawe unapata siku zako zote mahali pamoja, bila pesa ya kazi kuchanganyika na ile ya harambee. Uliza ada za till kabla ya kupanga bei, usije ukazigundua baadaye.

Akilipa, usitegemee ujumbe ulio kwenye simu yake. Ujumbe wa uongo unaandikwa na mtu yeyote. Subiri wako uingie, soma kiasi na jina, na kama mtandao unachelewa angalia salio la till. Fanya hivyo kwa kila mteja, mzee kwa kijana, kabla hujaanza kufunga vifaa, na hakuna atakayehisi umemshuku yeye.

Kuna jambo moja ambalo hutokea zaidi kwa wateja wazee. Anakupa simu: “Nisaidie kuweka, mimi macho hayaoni vizuri.” Usiishike. Msomee nambari ya till polepole, mwelekeze kwa mdomo, na akifika kwenye PIN geuza uso. Akiitaja kwa sauti, mwombe aibadilishe siku hiyohiyo. Unajilinda wewe mwenyewe hapo, kwa sababu pesa ikipotea kwenye simu ile wiki ijayo, mgeni wa mwisho kuigusa ndiye atakayetajwa kwanza.

Nambari ya mteja si yako

Mtu anaweza kukupigia akiuliza bei, au kukupa nambari yake ili mpange siku ya kazi. Hiyo haimaanishi amekubali kutumiwa matangazo kila wiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali waziwazi kabla ya kutumia data yake kibiashara namna hiyo, na inamhusu mwenye ndoo kama inavyoihusu kampuni. Usichukue orodha ya wapangaji kutoka kwa keateka pia, hata akikupa kwa moyo mweupe.

Uliza tu ukimaliza kazi: “Mama, nikukumbushe baada ya miezi sita?” Akisema ndiyo, andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Muda ukifika ujumbe mmoja unatosha: “Habari ya siku nyingi, mama. Ni mimi niliyekuoshea viti vile saba mwezi wa tatu. Niko court yenu Jumamosi hii. Nipite?” Asipojibu, usipite. Akikuambia ufute nambari yake, ifute, umjibu umeshafuta, na umtakie siku njema.