Matibabu yamekwisha, uchovu umebaki

Jirani yangu wa Buyenzi, Bujumbura, alirudi kutoka Kampala akiwa amemaliza matibabu ya saratani ya titi. Mwaka ukapita. Akipata asubuhi nzuri alifua nguo za nyumba nzima, akapiga deki, akaenda sokoni; siku tatu zilizofuata hakuweza hata kusonga ugali. Mawifi wakasema anadeka. Hadeki. Uchovu huu madaktari wanaujua, na hauishi kwa kulala.

Kwanza kapimwe: upungufu wa damu, malaria, matatizo ya tezi ya shingo. Vyote huchosha, na vina dawa zake. Vipimo vikitoka salama, tafuta mwanasaikolojia anayehudumia kwa simu. Huko Nijmegen, Uholanzi, matokeo ya utafiti ya mwaka 2017 yalihusu wanawake 132 waliopona saratani ya titi wakabaki hoi. Waliotibiwa kisaikolojia kwa intaneti, wakionana na mtaalamu ana kwa ana mara chache tu, asilimia 73 walipata nafuu kubwa. Kati ya waliokuwa wakingoja zamu, asilimia 14.

Kabla ya kuuliza bei, uliza kama mwanasaikolojia amewahi kuhudumia wagonjwa wa saratani, na kama mtazungumza Kiswahili au Kirundi. Uchungu hausemeki vizuri kwa Kifaransa cha ofisini. Umeme wa Bujumbura tunaujua: chaji simu unapowaka, na mkubaliane kwamba mtandao ukikatika mtaendelea kwa ujumbe wa sauti. Ua ukijaa wapangaji, omba chumba kwa dada unayemwamini, saa moja tu.

Lakini kazi kubwa iko kwenye daftari. Wiki nzima andika saa na ulichofanya. Mtaalamu ataona unapojimaliza. Amka saa ileile kila siku, adhana ya alfajiri ikuamshe, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Tembea kutoka mlangoni hadi nyumba ya tatu na kurudi, siku nzuri na siku mbaya sawasawa. Wiki ijayo ongeza nyumba moja. Siku nzuri ndiyo ngumu zaidi: acha kazi nguvu zikiwa bado zipo.

Hofu ya ugonjwa kurudi nayo huchosha, basi mwambie mtaalamu, usiifiche. Ila uvimbe mpya, kukosa pumzi au kukonda ghafla, hayo yapeleke hospitali siku hiyohiyo.

Jirani yangu sasa hufua beseni moja kwa siku. Mashuka husubiri Jumamosi, na anayeyakamua ni binti yake.