Hasira Barabarani: Dereva Anayemwonea Mwendesha Baiskeli Anastahili Adhabu Gani?

Na Frateri, mwaka wa pili wa Falsafa



Katika somo la Maadili tumekuwa tukijifunza juu ya haki na adhabu. Mwalimu wetu alitutaka kila mmoja achukue jambo la kawaida kutoka kijijini kwake na kulipima kwa yale tuliyosoma darasani. Mimi nimechukua baiskeli. Kwetu, upande wa Bahi, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, baiskeli ndiyo gari la maskini. Inabeba maji, mkaa, kuni, mgonjwa, na wakati mwingine jeneza.

1. Kisa chenyewe

Likizo ya Desemba nilikuwa natoka kusali na wenzangu wa jumuiya. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuwa mbele yetu juu ya Phoenix yake, nyuma amefunga madumu manne ya maji. Dumu moja ni lita 20, kwa hiyo nyuma ya mgongo wake kulikuwa na kilo 80. Mvua zilikuwa zimekula bega la barabara, pakabaki kidato kati ya lami na udongo. Mwenye mzigo wa namna hiyo akishuka pale, anaanguka. Basi mzee akabaki pembezoni mwa lami, kushoto kwake, kama inavyotakiwa.

Pikapu ikaja nyuma ikapiga honi mara tatu. Upande wa pili lilikuwa linakuja lori, kwa hiyo dereva alilazimika kusubiri kidogo. Lori lilipopita, akampita mzee, akatoa kichwa dirishani na kumtukana, kisha akamchomekea kwa mbele na kufunga breki. Haikuwa bahati mbaya. Alitaka kumtia adabu. Mzee aliangukia mtaroni, mguu ukavunjika chini ya madumu.

Watu walijaa kwa dakika chache. Wengine walitaka pikapu ichomwe. Nami, frateri, nilikuwa na jiwe mkononi. Sikumbuki nililiokota saa ngapi. Mama mmoja ndiye aliyenishika mkono akasema, "Mwanangu, hilo jiwe ni la nini?" Nililiangusha.

Dereva aliponea nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jioni ile mambo "yakamalizwa": alitoa shilingi laki mbili, wakapeana mikono, akaondoka. Polisi hawakuitwa. Mguu uliungwa na fundi wa mifupa, nao ukaunga vibaya. Nilipokwenda kumsalimu mzee wakati wa Pasaka aliniambia, "Nilimsamehe, Frateri. Lakini hela iliisha kabla mguu haujapona."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Je, haki ilitendeka? Na kama haikutendeka, ilipaswa kuwaje?

2. Ni kosa la aina gani?

Kabla ya kusema adhabu tutofautishe makosa, maana si kila anayemgonga mwenye baiskeli ana hatia sawa. Maandiko Matakatifu yanatutangulia hapa. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinamtenga mtu aliyemsukuma mwenzake kwa chuki na yule aliyemsukuma ghafula bila uadui. Tendo kwa macho ni lilelile, lakini kilichokuwa moyoni kinabadili hukumu.

Sheria yetu nayo ina ngazi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) inatofautisha kuendesha bila uangalifu na kuendesha kwa hatari, tena inatazama kama tendo limesababisha majeraha au kifo. Dereva akiligeuza gari kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake kwa makusudi, tumeshaingia katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), ambako yamo makosa ya kushambulia, kudhuru mwili na kuua.

Kwa hiyo tuna watu watatu: aliyepatwa na ajali hali anaendesha vizuri, mzembe, ambaye hakutazama, na mwenye hasira, ambaye alitazama, akamwona mtu, akaamua kumtisha au kumwangusha. Huyu wa tatu ndiye tunayemzungumzia. Kosa letu kubwa mitaani ni kuwaita wote watatu kwa jina moja, "ajali".

3. Je, hasira ni udhuru?

Wengi husema, "Alikuwa na hasira tu, msameheni." Wanafalsafa walilichukua swali hili kwa uzito. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, aliweka kuua kwa hasira katikati, kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Aliyeua kwa hasira ya ghafla akajuta alipangiwa uhamisho wa miaka 2. Aliyeitunza hasira kisha akalipiza, miaka 3. Aristotle naye anafundisha kwamba anayetenda kwa hasira bila kupanga ametenda udhalimu kweli, ingawa haimaanishi kwamba yeye mwenyewe ni mtu dhalimu. Yaani, hasira inapunguza hatia lakini haiifuti.

Lakini Aristotle huyohuyo anataja sheria zilizomwadhibu mlevi maradufu, kwa sababu kulewa au kutolewa kulikuwa mikononi mwake. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda njia hiyo. Katika Summa Theologiae anasema harakati ya moyo inayotangulia akili hupunguza dhambi, lakini ikiwa mtu aliitaka mwenyewe tangu mwanzo, haimtetei. Sasa tumtazame dereva wetu. Aliichochea hasira yake kwa honi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipata nafasi ya kupita salama. Alipokwisha kupita, sababu ya kukasirika ilikuwa nyuma yake. Akachagua kurudi kwake kwa breki. Hasira ya namna hiyo ni uamuzi.

Thoma hasemi kwamba kila hasira ni dhambi. Hasira inayofuata akili na kutafuta haki inaweza kuwa njema. Lakini mzee yule alikuwa amemkosea nini dereva? Alimchelewesha kwa muda mfupi kuliko wa kusali Salamu Maria tatu. Hasira isiyokuwa na kosa la kulipiza si hasira ya haki. Ni kiburi cha mwenye chombo kikubwa mbele ya mwenye chombo kidogo.

Hapo ndipo uzito wa kosa ulipo. Gari lina chuma, uzito na mwendo. Mwenye baiskeli ana ngozi na mifupa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Ndiyo maana kwenye makazi tumewekewa vibao vya 50. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2290) inafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wanajitwika hatia kubwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa anayependa mwendo tu, itakuwaje kwa anayemlenga mtu?

4. Adhabu ni ya nini?

Katekisimu (2266) inatupa makusudi yafuatayo: adhabu kwanza hurekebisha vurugu iliyoletwa na kosa, inalinda watu na utulivu wa jamii, na kadiri inavyowezekana iwe dawa ya kumrekebisha mkosaji. Mtakatifu Thoma anaonya pia kwamba anayeadhibu akikusudia tu maumivu ya mkosaji, anatenda dhambi, hata kama mkosaji alistahili. Mimi na jiwe langu tulikuwa humo.

Kwa makusudi hayo tunaweza kupima adhabu. Faini ya papo hapo ya shilingi 30,000 inafaa kwa makosa madogo. Lakini kwa dereva maskini hizo ni jasho la siku kadhaa, na kwa mwenye gari kubwa la kifahari ni chakula cha mchana. Usawa wa tarakimu si usawa wa haki. Finland wameliona hilo, hata faini za mwendo kasi mkubwa hupimwa kwa kipato cha mkosaji.

5. Ngazi za adhabu ninazopendekeza

Kwanza, dereva aliyetisha bila kujeruhi: kumpigia honi ya karibu mwenye baiskeli, kumbana, kumchomekea. Leo huyu mara nyingi hapati kitu, kwa kuwa "hakuna aliyeumia". Hapa sitaki jela. Nataka leseni yake isimame kwa muda, na arudi darasani kufundishwa udereva. Aliyetumia gari kama silaha aache kulishika kwa kitambo.

Pili, aliyejeruhi. Kitabu cha Kutoka 21:18-19 kinasema, watu wakigombana na mmoja akamwumiza mwenzake akalala kitandani, basi aliyempiga amlipe muda alioupoteza na kumwuguza hata apone. Tazameni hekima yake: kipimo cha fidia ni kupona kwa aliyeumia, si fedha iliyokuwa mfukoni mwa mkosaji siku ile. Laki mbili za dereva wetu zilipimwa kwa mfuko wake. Haki ingezipima kwa mguu wa mzee. Mahakama zetu zina uwezo wa kuamuru fidia pamoja na adhabu. Juu ya fidia, leseni ifungiwe kwa muda mrefu. Pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inatoa njia ya mkosaji kutumikia nje ya gereza. Ningependa kumwona dereva wa aina hii akijaza udongo kwenye mabega ya barabara yaliyoliwa na mvua, mahali palepale ambapo baiskeli hupita.

Tatu, aliyeua au aliyelemaza kwa makusudi. Hapa kifungo ni haki, wala tusione haya kukitaja. Uhai wa mbeba maji una thamani ileile ya uhai wa mwenye gari. Jamii inayoachia kifo chake kiishe kwa rambirambi na mchele wa msiba imekwisha kusema ni nani mtu na nani si mtu.

Katika ngazi zote, uhakika wa adhabu una nguvu kuliko ukali wake. Cesare Beccaria aliliandika hilo mwaka 1764. Sisi tunalijua bila kumsoma: dereva hupunguza mwendo anapojua trafiki yupo na tochi, na huongeza akipita kona. Nasi tunapowashiana taa kuonyana kwamba trafiki yuko mbele, tunaiondoa adhabu hiyo njiani.

6. Pingamizi

Mtu anaweza kusema: ukimnyang'anya dereva leseni, unawanyima watoto wake chakula. Pingamizi hili ni la kweli, na hakimu alipime. Lakini mzee naye ana watoto, na miguu yake ndiyo leseni yake. Aliyeondoa riziki ya mwenzake hawezi kudai ya kwake isiguswe hata kidogo. Tena leseni ni dhamana aliyokabidhiwa, na dhamana huondolewa ikitumiwa vibaya.

Mwingine atasema: waendesha baiskeli nao ni wakorofi, hawana taa usiku, hawana breki, hukata barabara bila kutazama. Ni kweli, na wawajibishwe kwa makosa yao. Lakini kosa la mwenye baiskeli linaadhibiwa na sheria. Halimpi dereva cheo cha hakimu.

7. Mawe, na "kuyamaliza"

Nimebakiza njia mbili tulizozizoea, na zote mbili hazifai. Ya kwanza ni ya wananchi wenye hasira kali. Israeli ya kale ilikuwa na miji ya makimbilio ili mlipiza kisasi asimwue mtu kabla hajasimama mbele ya mkutano. Kituo cha polisi, au nyumba ya mwenyekiti kama siku ile, ndio mji wa makimbilio wa siku zetu. Anayempiga dereva hadi kufa anafanya jambo lilelile alilolifanya dereva, kwa hasira ileile, na mbele ya sheria ni mwuaji.

Ya pili ni kumalizana kienyeji jioni ileile, mgonjwa akiwa bado anavuja damu. Bila kufika polisi hakuna PF3. Bila taarifa ya polisi, kudai bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kwa kila gari, kunakuwa vigumu sana. Mzee wetu alipoteza yote mawili kwa laki mbili.

Sisemi upatanisho ni mbaya. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa kichungaji wa barabarani, wenye amri kumi za dereva. Humo dereva anatakiwa amlinde aliye dhaifu zaidi barabarani, na gari lisiwe chombo cha kuonyesha ubabe. Humo pia tunahimizwa kuwakutanisha dereva mwenye kosa na aliyeumizwa, kwa wakati unaofaa, ili waonje msamaha. Tukazie hayo maneno, kwa wakati unaofaa. Zakayo alisamehewa, naye akasimama akaahidi kurudisha mara nne. Msamaha wa mzee ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni Zakayo.

Hitimisho

Adhabu inayostahili, basi, ni ile inayotaja kosa kwa jina lake, inayomponya aliyeumia, inayomwondolea mkosaji silaha yake, na inayomwachia mlango wa kurudi. Mzee yule sasa anasukuma baiskeli kwa miguu, madumu mawili tu, akichechemea. Mwaka huu jumuiya yetu imeanza na jambo dogo: ajali ikitokea, mmoja wetu anabaki na majeruhi, wa pili anaandika namba ya gari, wa tatu anapiga simu polisi. Mimi nimejipangia kuwa wa kwanza, ili mikono yangu iwe na kazi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika kitongoji chetu tumewahi kuita "ajali" jambo lililofanywa kwa makusudi?
2. Soma Kut 21:18-19. Kama ungekuwa mwenyekiti siku ile, ungefanya nini kabla ya kupokea fedha?
3. Wewe unayeendesha gari au pikipiki: ni lini mara ya mwisho ulimpigia honi kwa hasira mwenye baiskeli, naye alikuwa amekukosea nini?