Dishi la Akiba kwa Gari-Nyumba Lililoegeshwa Nyumbani

Wenzetu wengi wanaoishi Uingereza na kumiliki gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, huliegesha kando ya nyumba msimu mzima wa baridi na kuligeuza chumba cha wageni. Shida huja televisheni inapowashwa: dishi la juu ya gari limekingwa na ukuta wa nyumba, halinasi kitu. Ukifunga dishi la akiba uani na kuvuta waya mmoja hadi garini, shida hiyo inakwisha.

Je, lazima upate dishi la pili? Kagua kwanza dishi la nyumba. Mbele yake kuna kifaa kidogo kinachopokea mawimbi, mafundi hukiita LNB. Kichungulie kwa chini. Vingi vina matundu manne ya waya. Likiwapo tundu lisilotumika, vuta waya kutoka hapo, na hutahitaji dishi jingine. Ila LNB ya huduma ya kulipia ya Sky Q haipatani na ving'amuzi vingi vya kawaida.

Na kibali? Kwa England, nyumba ya kawaida inaruhusiwa kuwa na antena mbili bila kuomba kibali, mradi moja isizidi sentimita 100 na ya pili isizidi 60. Ukiishi kwenye eneo la majengo yanayohifadhiwa, usifunge dishi kwenye ukuta unaotazama barabara. Mpangaji amwombe ruhusa mwenye nyumba, na aliye Scotland au Wales aulize halmashauri yake. Leseni ya televisheni ya nyumbani inatosha kwa gari pia. Hulipi mara mbili.

Ununue nini? Kusini, dishi la sentimita 45 linatosha. Kaskazini tafuta la 60. Usikimbilie dukani: jirani aliyehamia intaneti huenda analo la kukupa bure. Utahitaji pia nguzo ya chuma, waya wa antena wa nje, viungio vya kuskrubu, dira, pimamaji na kipima mawimbi, ambacho kile cha kawaida hupatikana kwa chini ya pauni 20. King'amuzi kiwe cha HD, kwa sababu Januari 2024 BBC iliacha kurusha picha za kiwango cha zamani kwa setilaiti. Chagua cha Freesat, kisicho na malipo ya mwezi. Kile cha Azam ulichokuja nacho kiache kabatini. Setilaiti yake ni nyingine na mawimbi yake yameelekezwa Afrika.

Dishi litazame wapi? Setilaiti za Astra zinazorusha Freesat ziko nyuzi 28.2 mashariki, karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Chini yake ni mashariki mwa Kongo, magharibi ya Butembo. Kwa hiyo, ukiwa London, elekea kusini-mashariki, nyuzi 145 za dira, na inua macho nyuzi 25 hivi kutoka upeo wa macho. Scotland ni kama 20. Uani kwako kunafaa? Wakati wa baridi, angalia saa nne asubuhi: jua huwa karibu na uelekeo huo, tena chini kuliko setilaiti. Likipiga pale unapotaka kusimamisha nguzo, njia ni nyeupe. Kwa London, mti uliolizidi dishi kwa mita 5 uwe mbali kwa mita 12 au zaidi.

Sasa simamisha nguzo na uipime kwa pimamaji pande mbili. Ikiinama kidogo tu, kila ukizungusha dishi, kimo chake nacho kitabadilika. Unapomenya waya, hakikisha hata unywele mmoja wa wavu wa nje haugusi shaba ya katikati. Zima king'amuzi kabla ya kuunganisha, maana chenyewe hupeleka umeme wa volti 13 hadi 18 kwenye LNB.

Kaza bolti nusu, kisha zungusha dishi polepole, ukisita sekunde kadhaa kila hatua ili king'amuzi kipate muda wa kutambua mawimbi. Usishangae dishi likisimama karibu wima. Aina hii hupokea mawimbi kutoka juu kuliko linavyoonekana kutazama. Ukikuta orodha imejaa stesheni za Kijerumani, umeangukia setilaiti jirani ya nyuzi 19.2, rudi kushoto kidogo, upande wa mashariki. Mawimbi yakishapatikana, izungushe LNB yenyewe taratibu mpaka kipimo kipande juu kabisa, kisha kaza bolti kwa zamu, jicho likiwa kwenye kipimo. Kazi ikikushinda, muite fundi, lakini kubaliana naye bei kabla hajashusha ngazi. Dishi la chini halina sababu ya kutozwa kama la kwenye bomba la moshi.

Magari-nyumba mengi yana tundu la antena ubavuni. Lako likikosa, tafuta kipande cha waya bapa kinachopita chini ya dirisha. Waya wa uani ulaze pembeni ya njia, watoto wasijikwae. Na kwenye usukani funga karatasi iliyoandikwa "CHOMOA WAYA", kwa sababu siku ya safari hakuna atakayekumbuka, na gari likiondoka na waya huo, linaweza kuondoka na dishi lenyewe.